Je, Wajua? Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Walimlenga mfanyabiashara, lakini anayeumia zaidi ni mamlaka ya maji, kwa kuwa mali yake karibu yote imefukiwa ardhini. Mabomba, koki, chemba na dira zimetandazwa kutoka mto Ruvu, zikapita Kibaha, hadi Dar es Salaam, na nyingi hazionekani mpaka zipasuke. Haya ni machache kuhusu daftari hilo na ramani zake. Tunaanzia Dutumi, kata ya Wilaya ya Kibaha, mkoani Pwani.

Je, wajua kwamba Dutumi si moja?

Ukiandika "Dutumi" peke yake kwenye orodha ya visima, bado hujamwelekeza fundi popote. Ipo Dutumi ya Kibaha. Ipo pia nyingine upande wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru karibu na Kisaki, ambayo mara nyingi huandikwa Duthumi. Hiyo ya pili ilikuwa kwenye njia ya misafara, na Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika. Kinachochanganya zaidi ni kwamba zote mbili zimo ndani ya bonde moja la Ruvu, kwa hiyo hata ukitaja bonde hujamaliza utata. Ndiyo maana orodha nzuri hutaja mkoa, wilaya, kata, kijiji na kitongoji, kisha huongeza namba mbili za GPS. Postikodi nayo husaidia kidogo: za Pwani huanza na 61, za Morogoro na 67.

Je, wajua kwamba mtambo mmoja kando ya Ruvu unaweza kujaza ndoo karibu milioni kumi kwa siku?

Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi wilayani Kibaha, ulijengwa mwaka 1959. Ulikuwa ukizalisha lita milioni 82 kwa siku, kisha ukapanuliwa hadi lita milioni 196. Gawanya kwa ndoo ya lita 20 utapata ndoo milioni 9.8. Ndugu yake, Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulikuja katikati ya miaka ya 1970 na sasa uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku. Yote miwili inategemea mto mmoja. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana na kina cha Ruvu kikashuka, mgao wa maji uliingia Dar es Salaam, mitambo ikiwa mizima na mabomba yakiwa mahali pake. Hapo ndipo bwawa la Kidunda, lililozungumzwa tangu miaka ya 1950, lilipopata msukumo mpya. Bwawa hilo halikusudiwi kuwa na bomba lake hadi jijini. Litaachia maji mtoni wakati wa kiangazi, mto uyafikishe mitamboni. Kwa hiyo kwenye ramani ya mali za maji, Ruvu wenyewe huchorwa kama sehemu ya mtandao.

Je, wajua kwamba mji wa Kisarawe ulikaa miaka mingi ukilitazama jiji lenye maji huku wenyewe ukihangaika na madumu?

Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, na maji hayapandi kilima kwa hiari. Kila mita kumi za mwinuko hula shinikizo la takriban baa moja. Kwenye ramani ya kawaida, isiyoonyesha mwinuko, Kisarawe na mabomba ya Dar es Salaam ni majirani. Ukiongeza mistari ya mwinuko, ujirani huo unageuka kuwa gharama ya pampu na umeme. Mradi wa kusukuma maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa na Rais John Magufuli Juni 2020. Mpima anayechora bomba bila kuandika mwinuko wake ameacha nje jambo ambalo mhandisi wa pampu atalihitaji kwanza.

Je, wajua kwamba kisima kimoja kinaweza kuwa mahali pawili bila kusogezwa?

Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS ya simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Mifumo hiyo miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala kitovu chake, hivyo namba zilezile zikihamishwa kutoka mmoja kwenda mwingine bila kubadilishwa hukosea kwa zaidi ya mita 200. Kwa ramani ya wilaya nzima kosa hilo halionekani. Kwa kibarua mwenye sururu ni balaa, maana atachimba shamba la mtu mwingine kabisa. Mpima makini huandika pia ukanda wa ramani. Kibaha na Kisarawe zimo katika ukanda wa 37 kusini, unaoanza nyuzi 36 mashariki na kuishia nyuzi 42. Kigoma imo katika ukanda wa 35. Ukikosea ukanda, kisima chako kinahama mamia ya kilometa.

Je, wajua kwamba visima zaidi ya 1,800 vya Tanzania viliwahi kuandikwa baharini, mbali huko magharibi mwa Afrika?

Wizara ya Maji iliendesha kazi kubwa ya kuorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima: pampu za mkono, magati, visima na chemchemi. Sehemu ya takwimu hizo, rekodi 59,400, iliwekwa wazi kwenye shindano la mtandaoni la DrivenData, na wataalamu wa kompyuta duniani kote wakajaribu kubashiri ni pampu zipi zitakuwa zimekufa. Zaidi ya nusu ya vituo vilikuwa vikitoa maji, karibu asilimia 38 havikuwa vikitoa, na vilivyobaki vilihitaji matengenezo. Ila ukichora rekodi zote kwenye ramani, utakuta rundo la visima katika Ghuba ya Guinea, pale mstari wa Greenwich unapokutana na ikweta. Hakuna aliyechimba huko. Namba za mahali hazikujazwa, kompyuta ikaweka sifuri, na sifuri mbili ni mahali halali duniani. Ndiyo maana mifumo mizuri ya leo humkatalia mkusanyaji kuhifadhi fomu yenye namba zilizo nje ya mipaka ya wilaya yake.

Je, wajua kwamba sera ya maji inaweza kuchorwa kwa bikari?

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwa vijiji: kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa kila mtu kwa siku, na umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Chora duara la mita 400 kuzunguka kila kituo na utapata eneo la takriban hekta 50. Nyumba iliyo nje ya duara haijahudumiwa, hata kama kijiji kimeandikwa kuwa kina maji. Lakini duara nalo lina ujanja wake. Hupima kama kunguru arukavyo, wakati mama mwenye ndoo hupita njia, huzunguka shamba la mpunga na husubiri mto upungue. Na pampu iliyokufa haina duara. Ukivifuta kwenye ramani vituo visivyotoa maji, mara nyingi huduma iliyoonekana imeenea hubaki viraka.

Je, wajua kwamba bomba la plastiki haliitikii kifaa cha kutafuta vyuma?

Mabomba ya chuma ya zamani yanaweza kutafutwa kwa kifaa kinachosikia sumaku-umeme, na fundi akatembea juu ya ardhi akifuata sauti. Plastiki haitoi sauti hiyo. Kwa sababu hiyo bomba jipya la plastiki linapozikwa hutakiwa kuambatana na waya mwembamba au utepe wenye uzi wa chuma, ili miaka ishirini baadaye kifaa kiwe na cha kufuata. Utepe wa rangi ulioandikwa onyo huzikwa juu kidogo ya bomba, mwenye koleo aukute kwanza. Mkandarasi akiruka hatua hiyo kuokoa fedha kidogo, anaacha mali ambayo hata mwenyewe hawezi kuipata bila kuchimba mitaro ya kubahatisha.

Je, wajua kwamba bomba moja la inchi sita linaweza kuingia kwenye orodha kwa majina matatu?

Fundi mtaani atasema "inchi sita." Mhandisi aliyenunua bomba la chuma ataandika milimita 150. Aliyenunua la plastiki ngumu ataandika 160, kwa sababu mabomba hayo hutajwa kwa kipenyo cha nje. Wote wamesema kweli. Tatizo huja pale bomba linapopasuka usiku na stoo ikatoa kiungo kwa kufuata kompyuta: kiungo cha 150 hakikai kwenye bomba la 160. Kwa hiyo daftari zuri huuliza mambo mawili pamoja, kipenyo na aina ya bomba, na huweka orodha ya kuchagua badala ya nafasi tupu ya kuandika. Kwenye zile rekodi 59,400 hata jina la mjenzi mmoja limeandikwa kwa herufi kubwa hapa, ndogo pale, na kompyuta ikawahesabu kuwa wajenzi tofauti.

Je, wajua kwamba koki kubwa huhesabiwa mizunguko?

Mafundi wengi duniani hutumia kanuni hii kwa koki za lango: zidisha kipenyo kwa inchi mara tatu, kisha ongeza mbili au tatu. Koki ya inchi sita hufungwa kwa mizunguko kama ishirini. Ikigoma kwenye wa nane, haijafunga. Ama kuna jiwe, ama uzi umeliwa, ama imekaa miaka bila kuguswa. Fundi asiyejua hesabu hiyo hudhani amefunga, wenzake wakaanza kukata bomba lenye maji. Rekodi ya koki basi haiishii kwenye mahali ilipo. Inaeleza inafungwa upande gani, kwa mizunguko mingapi, na ilizungushwa mara ya mwisho lini. Na kufunga kwa pupa ni hatari nyingine, kwa sababu maji mengi yaliyo mwendoni yakisimamishwa ghafla hupiga kishindo ndani ya bomba na linaweza kupasuka mbali na hapo.

Je, wajua kwamba tundu la milimita tano linaweza kumwaga ndoo 1,400 kwa siku?

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Kwenye bomba lenye shinikizo la kupandisha maji mita 40, tundu la ukubwa huo huvuja takriban lita 28,000 kwa saa ishirini na nne. Pasuko kubwa hutengenezwa siku hiyohiyo, kwa sababu barabara imegeuka mto na watu wanapiga simu. Tundu dogo kwenye mchanga halilalamikiwi na mtu, huvuja mwaka mzima. Namna mojawapo ya kulinasa ni kuligawa eneo katika kanda ndogo, kila moja ikiwa na dira yake ya kuingilia, kisha kuisoma dira hiyo kati ya saa nane na saa kumi usiku. Saa hizo watu wamelala na mabomba ya nyumbani yamefungwa. Maji yanayoendelea kupita kwa wingi yana pengine pa kwenda. EWURA, mdhibiti wa huduma hizo nchini, hutaka upotevu wa maji usizidi asilimia 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dar es Salaam ilikuwa ikipoteza zaidi ya nusu ya maji iliyozalisha, mengine yakivuja, mengine yakichotwa kwa maunganisho yasiyo halali, mengine yakifika kwa wateja wasiokuwa kwenye orodha ya ankara.

Je, wajua kwamba malalamiko ya kulipia upepo yana ukweli ndani yake?

Maji yakikatwa, mabomba hujaa hewa. Yakirudi, huisukuma hewa hiyo mbele, nayo inapotoka kwa kasi kupitia dira inaweza kuizungusha. Dawa yake imo kwenye ramani: valvu za kutolea hewa huwekwa kwenye vilele vya bomba, mahali ambapo hewa hujikusanya, na vilele hivyo hujulikana kama mwinuko umepimwa. Kwa upande mwingine, dira kuukuu huchoka ikaanza kusoma pungufu, hasa maji yanapopita polepole. Hapo anayepoteza ni mamlaka. Tarehe ya kufungwa kwa kila dira ina maslahi kwa pande zote mbili.

Je, wajua kwamba kwa miaka 15 mabomba ya Dar es Salaam yalikuwa na mwenyewe mmoja na mwendeshaji mwingine?

Mwaka 2003 DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilibaki na umiliki wa miundombinu, na uendeshaji ukakodishwa kwa kampuni ya City Water Services, iliyokuwa na wanahisa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania. Mkataba ulivunjwa Mei 2005. Kesi ikafika mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, na mwaka 2008 iliamuliwa kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake, lakini haikutakiwa kulipa fidia. DAWASCO, shirika la umma, likashika uendeshaji hadi mwaka 2018 lilipounganishwa na DAWASA. Katika mpangilio kama huo, swali la nani arekebishe ramani baada ya fundi kuhamisha bomba huwa na majibu mawili, na aghalabu majibu mawili humaanisha hakuna anayerekebisha.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilipata maji ya bomba kutoka chemchemi kabla ya karne ya 20?

Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, aliamuru maji ya chemchemi ya Chemchem yaletwe hadi Mji Mkongwe kwa mfereji na mabomba. Mji huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar kikaua maelfu ya watu. James Christie, daktari Mskochi aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, alifuatilia njia ya ugonjwa huo na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba wimbi hilo lilitoka bara kwa kufuata njia za misafara hadi Pangani, kisha likavuka bahari. Miaka ishirini na miwili kabla ya kitabu hicho, John Snow alikuwa amechora vifo vya mtaa mmoja wa London kuzunguka pampu moja. Kazi zote mbili zilifunza jambo ambalo ofisi za maji hulitegemea mpaka leo: orodha ya wagonjwa haisemi mengi hadi iwekwe juu ya ramani ya njia na vyanzo vya maji.

Je, wajua kwamba baadhi ya ramani bora za mitaa yetu zilichorwa na wakazi wenyewe?

Kabla ya mwaka 2009 Kibera, Nairobi, ilionekana kwenye ramani nyingi kama eneo tupu. Vijana wa hapo wakafundishwa kutumia GPS, na mradi wa Map Kibera ukajaza vichochoro, vyoo na magati ya maji kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale wakafanya vivyo hivyo Dar es Salaam. Mwaka 2015 Ramani Huria ikaanza, ikapita kata zinazokumbwa na mafuriko, na wanafunzi wakaingia mitaroni kupima upana na kina chake. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishiriki kurusha ndege nyuki na kupiga picha Unguja na Pemba. Wenyeji walikuwa na faida ambayo picha ya angani haina: wanajua mtaro upi umezibwa na nyumba ya nani, na bomba lipi halijatoa maji tangu liwekwe.

Je, wajua kwamba zaidi ya theluthi ya vituo kwenye zile rekodi 59,400 havina mwaka wa kujengwa?

Rekodi zaidi ya 20,000 zina sifuri kwenye nafasi ya mwaka. Bila umri wa pampu, huwezi kupanga bajeti ya kuibadilisha. Utasubiri ife, uchangishe kwa haraka na ununue yoyote iliyopo dukani. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya wakala wake, RUWASA, na miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Wanakamati wa vyombo hivyo ndio huwepo siku ya makabidhiano, mgeni rasmi akifungua koki na kupigiwa makofi. Siku hiyo waombe vitu vinne kabla ya kutia saini: mchoro wa mradi kama ulivyojengwa kweli, si kama ulivyopangwa, namba za GPS za kila koki na kituo, aina na vipenyo vya mabomba, na tarehe. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine wilayani. Mkandarasi akishaondoka na mtaro umeota nyasi, habari hizo zitapatikana kwa kuchimba tu, na atakayelipia uchimbaji ni mtumiaji wa maji.